Mwanachama Namba Moja

Jumatatu, 8 Juni 1998

Régine amenipa madaftari mawili yenye majalada ya bluu. Moja ni la klabu. La pili alisema ni la akiba, nami nimelichukua niandike yangu. Nitaandika Kiswahili, kile cha masista wa Bukavu, ili mtu wa nyumba hii akilifungua asiambulie kitu.

Kazi yangu ni papa Lucien, mzee wa nyumba hii. Ana miaka themanini na mitatu. Namwogesha, namvalisha, namkatia nyama. Mikono yake inatetemeka hadi kalamu inamshinda, kwa hiyo tangu leo nimekuwa pia karani. Klabu ya matrekta ya kale ya hapa Berchem inatimiza miaka ishirini na mitano, na sikukuu ni tarehe 13 Septemba, mavuno yakiisha. Wanataka kijitabu cha historia. Papa Lucien alikuwa rais wa kwanza, na binti yake Régine ndiye rais wa sasa. Baba atasema, mimi nitaandika kwa Kifaransa, binti atapeleka kwa mchapaji.

Nyuma ya nyumba kuna banda lenye matrekta tisa. Nilipoingia mara ya kwanza, harufu ya mafuta mazito ilinishika koo. Baba yangu aliendesha trekta kwenye shamba la chai, na mimi nimekulia juu ya madigadi ya gurudumu lake. Sikuwaambia. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 11 Juni

Mvua. Papa Lucien kakataa supu.

Jumatatu, 15 Juni

Leo amesema saa mbili mfululizo. Kumbe mtaa huu wote wa maghorofa ulikuwa mashamba ya ngano na kabichi. Mwaka 1973 wajenzi walikuwa wananunua shamba baada ya shamba, na kila Ijumaa lori la vyuma chakavu lilipita kuchukua matrekta. Wakulima waliyatoa bila kuyatazama, kama mtu anayempeleka ng'ombe mzee machinjoni. Siku moja lori lilibeba trekta la Kijerumani la silinda moja, lile jeusi la pale mlangoni.

"Tukasimama mbele ya lori," alisema. "Tukamwambia dereva, hili haliendi."

"Nani na nani, papa?"

"Andika: nikasimama."

Nimeandika hivyo.

Alhamisi, 25 Juni

Wabelgiji wametoka sare tena, Kombe la Dunia limewaishia. Jirani katupa kiti nje ya dirisha. Mimi natembea tu. Nashuka kwenye tramu vituo viwili kabla ya changu, Ganshoren, kwa sababu nikifika chumbani sijui nikae wapi.

Alhamisi, 2 Julai

Régine ameniletea daftari la wanachama ili ninakili majina. La kwanza kabisa limefutwa kwa wino mzito, mistari juu ya mistari, hadi karatasi imetoboka. Lucien ni namba mbili. Nikamuuliza Régine inakuwaje rais wa kwanza awe namba mbili.

"Namba moja alikuwa Omer," alisema. "Yeye ndiye aliyeacha trekta bila breki kwenye sikukuu ya 1976. Mimi nilikuwa na miaka tisa." Akaugonga mguu wake wa kushoto, ule anaouburuta. "Hatumwandiki."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyotaja siku yake ya kuzaliwa.

Jumapili, 12 Julai

Nimempigia Darlène, kule Bukavu kwa jirani wa dada yangu Cécile mwenye simu. Binti yangu ana sauti mpya, nzito kidogo.

"Maman, papiers zangu za kuja kule ziko wapi?"

"Ziko karibu. Karatasi ziko bureau, ofisini."

"Vile ulisema Noël, maman. Na Pâques ulisema vile vile."

"Krismasi na Pasaka, najua. Bureau za hapa ziko polepole, mama yangu."

"Février naenda kufikisha dix-huit ans. Cécile anasema baada ya pale haitawezekana tena."

Nikamwambia asome vizuri, ahurumie macho yake. Line ikakatika. Sikuhuzunika ilipokatika. Naandika hili ili nilione.

Jumanne, 21 Julai

Sikukuu ya taifa. Matrekta sita yalipita mtaani. Asubuhi lile jeusi liligoma kuwaka, wanaume wanne wakilizunguka na maoni manne. Ni lazima kichwa cha silinda kichomwe kwa tochi ya moto mpaka kiwe chekundu, ndipo unachomoa usukani, unauchomeka kwenye gurudumu zito la pembeni, unazungusha. Wao walikuwa wanazungusha mapema mno. Baba yangu hakuwa na la namna hii, lakini alinifundisha kitu kimoja, kwamba injini baridi haisikii ubishi.

"Bado," nikasema. "Kiacheni."

Walinigeukia. Régine akasema, "Mwacheni."

Tulingoja dakika tano zaidi. Nikashika usukani, Régine akashika upande wa pili, tukavuta pamoja. Likapiga kishindo, moshi ukapanda kama pete, ardhi ikaanza kutikisika chini ya viatu. Régine alicheka kwa mdomo mzima. Mguu wake hauwezi kukanyaga klachi, hivyo papa Lucien alimtengenezea mpini wa mkono miaka mingi iliyopita. Ameuunda vizuri mno, umesuguliwa hadi unang'aa. Alinipandisha kwenye madigadi tukazunguka kanisa. Nilisahau kila kitu kwa nusu saa.

Alhamisi, 23 Julai

Tumefika 1976. Papa Lucien alisema haraka, kama anayesoma. Kiangazi cha ukame, ngano ilivunwa mapema. Omer aliegesha trekta jeusi kando ya pampu ya maji, akaingia ukumbini kuwamiminia watu bia. Hakuweka kabari chini ya gurudumu. Trekta likateremka kutoka mlango wa kanisa, likamkuta Régine amekaa ukingoni mwa barabara.

Niliandika. Halafu nikauliza, bila nia yoyote, nilitaka tu sentensi iwe sawa:

"Papa, pampu iko chini, pale penye tambarare. Mlango wa kanisa uko juu. Nani aliliondoa trekta pampuni akalipeleka kanisani?"

Alinisukumia kikombe kikiwa bado kimejaa. Akasema amechoka, akataka kulala, ilikuwa saa tisa mchana.

Ijumaa, 24 Julai

Hakusema neno.

Jumatatu, 27 Julai

Nilimnyoa, akafumba macho.

Jumanne, 28 Julai

Amesema.

Ni yeye. Mpiga picha alitaka trekta mbele ya kanisa. Omer alikuwa ndani na bia zake, kabari ikabaki pale pampuni. Papa Lucien akaliwasha, akalipandisha, akaruka chini kwenda kuwaita wengine waje kwenye picha. Akasikia watu wanapiga kelele. Alipofika, mtoto wake alikuwa chini. Omer naye alitoka mbio, na papa Lucien akamwona, na mdomo wake ukasema, "Omer, breki." Maneno mawili tu. Kila mtu alijua Omer ndiye dereva wa trekta lile. Hakuna aliyeuliza zaidi.

"Nilidhani atakataa," alisema. "Nilimngoja akatae. Alinitazama, akatazama mtoto, akavua kofia. Wiki ile ile tukapiga kura kumfukuza. Jina lake nililifuta mimi kwa wino."

"Na yule aliyesimama mbele ya lori?"

"Omer. Mimi nilikuwa nyuma yake. Klabu ilianzia kwenye zizi lake la ng'ombe. Andika. Yote."

Kurasa sita. Aliponyamaza nilijikuta sitaki kumgusa. Nikamvalisha soksi huku nikitazama ukuta.

Jumatatu, 3 Agosti

Vita Kivu. Nimesikia redioni kwenye tramu, Goma jana, Bukavu leo. Nilisahau kushuka, nikafika mwisho wa njia.

Simu ya jirani wa Cécile haiiti hata kidogo. Kimya tu, kama nimeweka sikio kwenye tofali.

Jumatano, 5 Agosti

Kimya.

Jumamosi, 8 Agosti

Kimya. Nimefua mapazia ya papa Lucien mara mbili.

Jumatatu, 10 Agosti

Wakati mgumu gani amechagua. Nimeingia, hata koti sijavua, ananiambia: "Chana zile kurasa. Andika kama Régine anavyojua."

Nikamwambia sitachana kitu.

"Ni historia yangu, madame Alphonsine."

"Ni mguu wake, papa."

Akasema sijui maana ya kuwa na mtoto mmoja tu. Mama yake Régine alikufa mwaka mmoja tu kabla ya ajali, na mtoto hakuwa na mwingine wa kumpenda. Nilitoka nikaenda kusimama bandani kati ya yale machuma.

Bon. Niliandike basi, maana kama siwezi kuliandika kwa Kiswahili ndani ya daftari la siri, nitaliandika wapi. Nilipofika nchi hii mwaka 1995, baada ya baba yake Darlène kuuawa, afisa aliniuliza kama nina watoto. Wanawake wa kituo cha wakimbizi walikuwa wameniambia: usiseme umeacha mtoto, watajibu kumbe nyumbani ni salama. Nikasema sina. Afisa akachora kimstari kwenye kisanduku cha fomu. Miaka mitatu. Machi mwaka huu wamenipa hifadhi, kwa karatasi yenye kile kimstari. Hakuna papiers ziko bureau. Hakuna aliyewahi kuziomba. Nilimchukia papa Lucien kwa siku kumi na tatu kwa sababu ya wino wake, na mimi mtoto wangu nimemfuta kwa mdomo.

Ijumaa, 14 Agosti

Jirani yangu Mwanakombo, ambaye mumewe ni wa ubalozi wa Tanzania, alinikuta nimekaa ngazini.

"Mama Darlène, unakaa hapa kwenye baridi kwa nini?"

Nikamwambia. Si yote. Nilimwambia vita na simu.

"Watu wa Uvira wanavukia Kigoma kila siku. Kaka yangu yuko bandarini pale. Nipe jina lake kamili na picha, nitamfaksia leo leo. Please, inuka, uje unywe chai."

Cécile ana shemeji Uvira. Kama wametoka Bukavu, watakuwa wamepita huko. Kama.

Jumatano, 19 Agosti

Asubuhi papa Lucien alikuwa amekaa kitandani, tai mkononi. "Nifunge hii. Unipeleke Auderghem."

Omer yuko huko, kwenye nyumba ya wazee karibu na msitu. Kumbe papa Lucien alikuwa anajua anwani miaka yote. Tulichukua tramu, halafu metro, na kiti cha magurudumu, saa nzima na nusu. Njiani aliniuliza kama nimepata habari za nyumbani. Nikasema hapana. Akaweka mkono wake unaotetemeka juu ya wangu, tukatetemeka pamoja mpaka mwisho wa safari.

Omer ni mtu mrefu aliyekunjwa na umri. Alikuwa akimenya tufaha kwa kisu kidogo, hakusimama.

"Umechelewa, Lucien."

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Injini ilikuwa bado ya moto. Mimi nililizima saa mbili nzima kabla."

"Kwa nini hukusema?"

Omer alikata kipande, akakila kwanza. "Mtoto wa miaka tisa, mama yake kazikwa juzi, mguu umesagika. Ningemnyang'anya na baba?"

Papa Lucien alilia bila sauti. Nilitaka kutoka, Omer akaniashiria nikae. Akaniuliza mimi, si yeye: "Ana umri gani sasa, yule mtoto?"

"Thelathini na moja."

"Basi anaweza kubeba. Na mimi nimechoka kubeba peke yangu." Akamgeukia rafiki yake. "Usimtume mwanamke huyu. Mwambie mwenyewe."

Jumamosi, 22 Agosti

Amemwambia, bandani, Régine akiwa amelala chini ya trekta jeusi anakaza nati. Nilimsukuma papa Lucien hadi pale, nikarudi mlangoni. Niliona miguu ya Régine tu, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Baba alisema maneno machache. Miguu haikusogea kwa muda mrefu. Halafu alijitoa chini ya trekta, akafuta mikono kidole baada ya kidole, akaenda kwenye gari lake.

Alipopita mlangoni alisimama mbele yangu. "Ulijua tangu lini?"

"Julai."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Jumatano, 26 Agosti

Régine hajaja. Kigoma kimya.

Jumapili, 30 Agosti

Hajaja. Mbele ya banda wanachama wawili walipima mahali pa kuweka meza. Hawajui kitu. Wakaniuliza kijitabu kiko wapi.

Jumanne, 1 Septemba

Amekuja. Hakumsalimia baba yake. Aliketi jikoni akanyoosha mkono, nikampa daftari la klabu. Alilisoma lote, penseli mkononi, kama mwalimu alivyo. Alisahihisha tahajia zangu. Kwenye zile kurasa sita hakusahihisha chochote.

"Ule mpini wa klachi," alisema. "Alifanya kazi miezi minne kuutengeneza. Nilikuwa nikijivunia kwa wenzangu, baba yangu kanitengenezea."

Nikamwekea kahawa.

"Wewe ungefanyaje, Alphonsine?"

Nikamwambia kile kimstari. Yeye wa kwanza, mzungu mwenye daftari jikoni, kabla ya ndugu zangu wote. Alisikiliza hadi mwisho. Hakunipa pole wala hukumu. Aliuliza, "Atatimiza kumi na nane lini?"

"Februari."

"Basi huna miaka ishirini na miwili ya kungoja kama yeye," alisema. Akachukua daftari kulipeleka kwa mchapaji.

Jumatatu, 7 Septemba

Kimya. Mwanakombo anasema kaka yake anasoma orodha kila boti inapofika.

Ijumaa, 11 Septemba

Yuko hai.

Mwanakombo aligonga mlango wa papa Lucien, sijui aliupata vipi, na karatasi ya faksi imelowa mkononi. Darlène yuko Kigoma, kwa shangazi wa Mwanakombo, ana malaria ila anakula. Cécile amebaki Uvira. Niliketi sakafuni kwenye korido. Papa Lucien alikuwa anaita kutoka kitandani, "Kuna nini, kuna nini," na hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumjibu.

Jumapili, 13 Septemba

Sikukuu. Mvua ambayo hata hapa hawaijui. Redio inasema barabara zimejaa maji nchi nzima. Mahema yaliloa, watu wote wakajibana bandani kati ya matrekta, kama sitini hivi, na mashamba yao yaliyokufa ya ngano na kabichi yakitajwa kila kona.

Régine alikuwa ameondoka asubuhi bila kusema. Saa tano gari lake lilirudi, na Omer alikuwa ndani. Wazee walimtambua mmoja mmoja, sauti zikashuka. Régine alimketisha mstari wa mbele, kando ya baba yake, kwa sababu hakuna kiti kingine kilichobaki, au kwa sababu alipanga hivyo. Halafu akapanda kwenye trekta jeusi akasoma ukurasa wa 1976, wote, kwa sauti ya darasani. Mvua ilikuwa inapiga bati, ilibidi apaze sauti kwenye maneno ambayo mtu angetaka kuyanong'ona. Mahali palipoandikwa "mimi" alisoma "Lucien," si "baba yangu." Siku hizi hamwiti papa. Huja, humnyoa Jumapili, huondoka.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja mzee alivuka banda akampa Omer mkono, akafuata mwingine. Ilichukua muda mrefu. Papa Lucien alikaa palepale ameinamisha kichwa, na watu walipita mbele yake. Wachache walimgusa bega, wengi hawakumgusa.

Baadaye niliwasikia hao wawili wakitazama mvua.

"Ingetukuta na ngano shambani, Lucien."

"Ingetukuta."

Basi. Wakala keki.

Jumatatu, 21 Septemba

Nilikwenda ofisi ya wakimbizi. Régine aliomba ruhusa shuleni akanisindikiza, lakini mlangoni nilimwambia anisubiri nje. Nilingoja saa tatu. Miguu ilitaka kuondoka mara nne, nikaikalia.

Afisa alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Nikamwambia nimekuja kusahihisha. Kwamba mwaka 1995 nilisema sina mtoto na si kweli. Alisoma faili langu, akasoma tena. Alinieleza kuwa ni jambo zito, kwamba wanaweza kulipitia upya lote, hata hifadhi yangu, na kwamba hawezi kuniahidi kitu. Akaniuliza kama bado nataka aandike.

"Andika," nikasema.

Jioni nilimpigia Darlène Kigoma. Nilimwambia yote, tangu wanawake wa kituoni hadi kule bureau, bila kujitetea, na nilipofika mwisho sikusikia kitu. Nilidhani line imekatika tena. Safari hii niliomba isiwe imekatika.

"Donc miaka yote hii," alisema, "kwa bazungu mimi sikukuwako."

"Hukukuwako."

"Na mimi nilikuwa nabaambia benzangu maman anangoja tu cachet, muhuri tu."

"Najua. Nisamehe, mama yangu. Na ukishindwa kunisamehe sasa, nitangoja."

Alikohoa. Nyuma yake mtu alikuwa anaita watu waje wale. Nikasikia anajibu kwamba anakuja.

"Na leo umeniandikisha?"

"Nimekuandikisha."

"Darlène na accent, kale kaalama juu ya è?"

"Afisa aliisahau. Nikamuonyesha mahali pa kuiweka."